Bwana DC na Mashoka ya Wazee Wetu

Ndugu wana-Mbulu, enzi za Waingereza maafisa wengi waliteuliwa Oxford na Cambridge, ambako uhodari wa kriketi ulimsaidia kijana kama cheti. Kutoka Oxford alitujia Charles Meek, Bwana DC wa Mbulu. Miaka hiyo ya baada ya vita vichaka vya mbung'o vilifyekwa, mifugo ikapunguzwa, watu wakahamia Dongobesh na Karatu. Baadaye alikuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri la Mwalimu Nyerere, na kumbukumbu zake ni kitabu. Lakini sisi tunaotunza hesabu huuliza nani alilipa. Mashoka yalikuwa ya wazee wetu, ng'ombe pia, na majina yao hatujayaandika. Sehemu ya michango ya mwaka huu itanunua vinasa sauti. Waliobaki ni wachache.