Picha za Berlin na Tanganyika iliyomo ndani yake

Nimekuwa kimya kidogo, mitihani ilinibana kweli kweli. Wikiendi hii niko nyumbani Mabatini napumua. Leo nawaletea historia, lakini msikimbie, hakuna test mwishoni.

Iko hivi. Baba mdogo anaishi Ujerumani na familia yake. Juzi aliwatembeza wanawe Berlin siku nzima, akaturushia picha kibao kwenye kundi la ukoo. Lango la Brandenburg, Bunge, mnara wa ushindi, makumbusho ya viumbe vya asili. Watu wakaandika "safi sana", "Ulaya bwana". Mimi nikaziangalia kwa macho ya mtu anayesoma historia, nikaona kwamba karibu kila waliposimama, Tanganyika ilikuwepo palepale. Ila kwenye picha haionekani.

Tuanze na lile Lango la Brandenburg, ambalo kila mtu analipiga picha. Ukitoka hapo ukatembea kama dakika kumi kwa mguu, unafika mtaa wa Wilhelmstraße. Hapo ndipo lilikuwa jumba la Bismarck, na humo ndimo ulifanyika ule mkutano tuliokariri wote sekondari, tangu Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Wajumbe wa mataifa 14, Mwafrika hata mmoja hakuwepo mezani. Kesho yake tu, tarehe 27, Kaiser akampa Carl Peters hati ya ulinzi juu ya maeneo aliyodai kayapata kwa mikataba ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Jumba lenyewe halipo tena, lakini siye tupo na mipaka tunayo.

Picha ya pili, mnara wa ushindi. Jirani yake kuna sanamu kubwa ya Bismarck huyo huyo, iliyozinduliwa 1901 mbele ya Bunge na kuhamishiwa hapo miaka ya 1930. Watoto wamejipanga chini yake wanacheka. Sasa watu wa Mwanza, jina hilo si mnalijua? Kila Jumapili familia zetu zinashuka ziwani kule Kamanga kupiga picha na Bismarck Rock! Mwamba uliosimama majini tangu enzi na enzi, kabla Mjerumani yeyote hajalijua ziwa hili, umebeba jina la mzee wa Berlin.

Tatu, makumbusho. Pale ndani kuna mifupa ya dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa makumbusho duniani, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Huyo ni Mtanzania jamani, katoka Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita ya Maji Maji kuwaacha watu wa kusini na njaa na makaburi. Waliochimba ni mamia ya watu wa kule kule, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Nilipomwelezea bibi akaniuliza, "Kwa hiyo hawa wajukuu zangu wamelipa kiingilio kwenda kuona vya Lindi?" Sikuwa na la kujibu.

Lakini sehemu ambayo ningependa baba mdogo awapeleke wanawe haimo kwenye picha hata moja. Ni Brunnenstraße namba 193. Hakuna mnara wala sanamu, utaona kibati kidogo cha shaba kwenye lami ya waendao kwa miguu, ukubwa wa kiganja. Kimewekwa 2007 kwa ajili ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari mtoto upande wa Wajerumani kwenye Vita ya Kwanza. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hawakumpa. Akabaki huko, akahudumu mezani kwenye jumba la starehe, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu, akaoa, akapata watoto. Yaani alikuwa na familia Berlin, kama baba mdogo. Mwaka 1941 Wanazi wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Akafia huko 24 Novemba 1944.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama. Wale watoto wanaongea Kijerumani kuliko Kiswahili. Shuleni wataambiwa historia ya Berlin ni ya wenzao, wao ni wageni. Kumbe si kweli. Wana mtu wao kwenye lami ile, wana mifupa yao mle ndani, na Kiswahili kilianza kufundishwa rasmi Berlin mwaka 1887, kabla hata Mwanza haijawa boma la Mjerumani.

Na wenyewe Wajerumani wameanza kugeuka. Mtaa uliokuwa na jina la Peters, yule babu zetu waliyemwita Mkono wa Damu, ulibadilishwa Agosti 2024, na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kabla ya hapo, Novemba 2023, rais wao Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha.

Sasa niwachokoze kidogo. Berlin wamemtoa Peters, sisi Mwanza bado tuna Bismarck. Mimi sisemi tukimbilie kubadili jina, ila angalau pawepo na bango la Kiswahili pale Kamanga linaloeleza alikuwa nani na alitufanyia nini, ili mtoto akipiga picha ajue kasimama na nani. Wewe unaonaje? Jina libaki au litoke? Mwageni maoni, ila matusi hapana.

Baba mdogo nimeshamwandikia ile anwani ya Brunnenstraße. Kasema Jumapili ijayo wanaenda.