Kodi ya Dola Tatu: Maduka ya Mtaani Yalivyopigania Haki Marekani

Pakizuka mjadala wa maduka makubwa, hakosekani wa kusema kwamba duka la mtaani lilijiua lenyewe: bei zake zilikuwa juu, bidhaa zake chache, wateja wakalihama kwa hiari yao. Marekani ndiyo hutolewa mfano. Historia ya nchi hiyo hiyo inayakana maneno haya. Wenye maduka madogo walipambana kwa miaka mingi, wakashinda mahakamani na bungeni, na hoja zao zilikuwa nzito kuliko tunavyosimuliwa.

Chanzo cha mapambano hayo chajulikana: misururu ya maduka mengi ya mmiliki mmoja. Kampuni ya A&P, iliyoanza mwaka 1859 kwa biashara ya chai, ilikuwa na maduka karibu 16,000 ilipofika 1930.

Mwaka 1929 jimbo la Indiana lilipanga ada ya leseni kwa ngazi, kulingana na idadi ya maduka ya mmiliki: duka la kwanza dola 3 kwa mwaka, la pili hadi la tano dola 10 kila moja, na kupanda hivyo mpaka dola 25 kwa kila duka lililozidi 20. Lafayette Jackson, aliyekuwa na maduka 225 ya vyakula mjini Indianapolis, akadaiwa dola 5,443. Mwenye duka moja alilipa dola 3. Jackson akashtaki akidai kubaguliwa. Mwaka 1931 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura 5 dhidi ya 4: msururu wa maduka ni biashara ya namna yake, na jimbo lina haki ya kuutoza kivyake. Baada ya hapo majimbo mengi yakafuata mkondo huo.

Andiko ambalo wapinzani wa maduka madogo huliruka ni la Machi 13, 1933. Jimbo la Florida lilikuwa limetoza kodi kubwa zaidi kampuni zenye maduka katika kaunti zaidi ya moja, na majaji wengi wa Mahakama ya Juu wakakifuta kifungu hicho. Jaji Louis Brandeis alipinga, tena kwa kirefu. Alianzia mbali, enzi ambapo majimbo yalizipa kampuni vibali kwa tahadhari na kuziwekea mipaka ya mtaji na shughuli. Akaonyesha jinsi mipaka hiyo ilivyobomolewa na majimbo yaliyogombea ada za usajili, hadi kampuni 200 hivi zisizo benki zikashika karibu robo ya utajiri wa taifa. Wananchi wa Florida, alisema, wana haki ya kuona hatari pale mfanyabiashara huru anapogeuzwa karani wa tajiri aliye mbali na mji mdogo unapokamuliwa nguvu na matumaini. Kwake, bei ya rejareja ilikuwa sehemu ndogo ya suala. Aliuliza nani anatawala maisha ya mji, na swali hilo halijibiwi kwa kulinganisha bei ya sukari.

Lakini hata bei zenyewe zilikuwa na siri. Uchunguzi wa Bunge mwaka 1935 ulifichua kwamba A&P ilipokea takriban dola milioni 8 kwa mwaka kutoka kwa wasambazaji, kwa jina la posho za matangazo na kamisheni za udalali. Mwenye duka la kona hakuwa na ubavu wa kudai posho kama hizo. Unafuu uliosifiwa kuwa matunda ya ufanisi kwa sehemu ulitokana na ubabe wa mnunuzi. Sheria ya Robinson-Patman ya Juni 1936 ikakataza upendeleo wa namna hiyo pale usipotokana na gharama halisi. Wanaoipuuza husema inampandishia mteja bei. Hesabu hiyo ni fupi mno: duka dogo likishafungwa, mteja hana pa kukimbilia bei ikipanda.

Sheria hiyo iliachwa kabatini kwa miongo kadhaa hadi tume ya biashara ya Marekani ilipoitumia tena Desemba 2024. Kenya nayo imeweka katika Sheria ya Ushindani vifungu dhidi ya mnunuzi mkubwa anayewaonea wasambazaji. Hiyo ni njia sahihi, na inafaa kupanuliwa. Hatuna haja ya kufunga supamaketi. Tunachostahili kudai ni kwamba mwenye duka la mtaani anunue mzigo kwa masharti ya haki, na mamlaka zilinde haki hiyo kabla hajafunga mlango.