Sekunde 55 juu ya Douala

Kila Mei 5 ikifika, sisi wa Machakos tunaoishi Syokimau na Mlolongo, jirani kabisa na uwanja wa JKIA, tunapaswa kuikumbuka safari ya KQ507 ya Kenya Airways. Siku hiyo hupita kimya mno.

Kenya Airways ilipoanza mwaka 1977, Boeing 707 zake zilirushwa na watu watatu: marubani wawili, na mhandisi aliyekodolea macho geji za injini. Airbus A310 zilipoingia mwaka 1986, kompyuta zilichukua kazi ya mhandisi, wakabaki wawili. Tangu hapo, maisha ya abiria yalitegemea zaidi jinsi wawili hao wanavyosemezana.

Mei 5, 2007, ndege ya KQ507, Boeing 737-800 ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka, ilicheleweshwa Douala, Kameruni, kwa mvua kubwa. Iliruka saa sita na dakika sita usiku bila kungoja ruhusa ya mnara, ikaingia giza tupu. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa na Kameruni mwaka 2010 inasema kapteni alitoa amri ya kuwasha mtambo wa kujiendesha. Msaidizi hakuitikia. Kitufe hakikubonyezwa, wala hakuna aliyehakikisha. Kwa sekunde 55 ndege haikushikwa na mtu wala mashine, ikawa inalalia kulia polepole pasipo wao kuhisi. Tahadhari ilipolia, kapteni alizungusha usukani kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Msaidizi naye akasema kulia kabla ya kujisahihisha: kushoto, kushoto. Watu wote 114 walikufa. Mabaki yalikuwa kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita tano na ushei tu kutoka uwanjani, lakini yalitafutwa zaidi ya siku nzima.

Ripoti inaeleza kwamba kapteni alimtawala mno kijana huyo. Hapo ndipo panaponiuma. Tumelelewa tusimkatize mkubwa hata anapokosea, na adabu hiyo haifai kabisa kuingia chumba cha marubani. Swali moja tu, mtambo umewaka?, lingewarudisha abiria wale nyumbani.

Lakini kusemezana peke yake hakutoshi kila mara. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka na watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Safari hiyo kihisio kibovu kiliudanganya mtambo mwingine wa ndege, nao ukawa unaisukuma pua ya ndege chini. Marubani wake walisemezana na kuvuta usukani pamoja, lakini mtambo huo ukawashinda.