Waipa za gari kuukuu zikikufia kwenye mvua ya Maua

Sisi watu wa pwani tukisema mvua huwa tunafikiria masika. Kule Maua, kwenye milima ya Nyambene, ni kinyume: vuli ndiyo nzito, Oktoba hadi Disemba, na hushuka pamoja na ukungu. Ami yangu alilisahau hilo alipopanda na pikapu yake ya Peugeot 504 kwenda kumwona bintiye aliyeolewa huko. Wakati wa kurudi, tunaanza kushuka kuelekea Meru mjini, jua limeshazama, waipa zikasimama katikati ya kioo. Gari zenye mzigo wa miraa zinatupita kama mishale, na mbele hatuoni ila taa zilizotawanyika.

Ikikufika hali hiyo, jambo la kwanza si ufundi. Punguza mwendo, washa indiketa zote mbili, toka kabisa barabarani mahali palipo wazi, ungoje. Usiendeshe kichwa kikiwa nje ya dirisha. Na zima swichi ya waipa, kwa sababu mota iliyokwama huku inapokea umeme inaweza kuungua ndani ya dakika chache. Hapo kosa la shilingi mia litakuwa limegeuka kuwa kosa la maelfu.

Mvua ikipungua, fungua ufunguo bila kuwasha injini, washa waipa, utege sikio. Kote tutakakokwenda kunategemea unachosikia.

Ukisikia mota inazunguka vizuri lakini mikono haiendi, umeme hauna lawama. Ukiwa mkono mmoja tu ndio uliolala, nati iliyo kwenye shina lake imelegea, au meno ya ndani ya mkono yamelika. Kaza nati kwa spana kisha ujaribu. Mikono yote miwili ikilala, basi vyuma vinavyounganisha mota na mikono vimechomoka, mara nyingi pale karibu na mota. Vikirudishwa bila bushi mpya vitachomoka tena.

Ukisikia mngurumo mzito, au mikono inajikokota na fyuzi inakatika kila mara, shuku vijiti viwili vinavyotoka chini ya kioo kushika mikono. Hapa ndipo magari ya kwetu yanapoumia. Hewa ya chumvi huingia humo, grisi hukauka, na kwa kuwa Mombasa au Malindi miezi hupita bila mvua ya maana, hakuna anayejua kwamba vimeganda. Tenganisha vyuma na mota, kisha uzungushe kila kijiti kwa mkono. Kikiwa kigumu, kitie mafuta ya kulegeza kutu, ukizungushe huku na huku mpaka kilegee, halafu ukipake grisi. Mota iliyotenganishwa washa peke yake. Ikizunguka kwa kasi, haina kosa, na asikuuzie mtu nyingine.

Ukimya mtupu ndio unaowachanganya wengi. Anza na fyuzi, lakini kumbuka kwamba katika magari haya fyuzi moja huhudumia vitu kadhaa. Angalia kama kuna kingine kilichokufa pamoja na waipa, labda honi au taa za kuonyesha kona. Hata fyuzi nzima inaweza kuwa na kutu nchani, basi zisugue kwa msasa pamoja na vishikio vyake. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuifunga kwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuomba moto ndani ya dashibodi.

Fyuzi ikiwa sawa, tafuta waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye mota. Mota nyingi hukalishwa juu ya raba ili zisipige kelele, kwa hiyo haziwezi kurudisha umeme bila waya huo, na mwisho wake hufungwa kwa skrubu kwenye bati. Bati likishika kutu, mota hufa ingawa ni nzima. Chukua kipande cha waya, upande mmoja ugusishe ganda la mota, wa pili ile ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi, swichi ya waipa ikiwa imewashwa. Mota ikiamka, umeshapata jibu.

Isipoamka, tumia balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili. Waya mmoja ushike bati safi, wa pili uguse kwenye plagi ya mota. Balbu isipowaka, kosa liko kwenye swichi au waya njiani. Ikiwaka, umeme unafika na mota ndiyo inayokataa. Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake zimelika. Hizo hubadilishwa na fundi anayesuka mota, hakuna haja ya kununua nzima. Waipa zinazofanya kazi kwa kasi moja tu nazo zina kosa la kaboni au swichi. Zile zinazosimama popote unapozima, badala ya kurudi chini, zina kasoro kwenye kiswichi cha ndani ya mota kinachozilaza.

Wenye Ford ndogo za Kiingereza za miaka ya 1950, baadhi yao waipa hazina umeme kabisa. Huvutwa na pumzi ya injini, hivyo ukikanyaga mafuta kupanda mlima hulala zenyewe. Ukiachia pedali huamka. Hapo si ubovu, ila mpira wa hewa ukipasuka hazitaamka hata kwenye mteremko. Na kabla ya kufunga mota ya kisasa kwenye gari la Kiingereza la zamani, hakikisha ni ncha ipi ya betri imefungwa kwenye bodi, maana baadhi yao ni ya chanya.

Ami alirudishwa Maua usiku ule akivutwa kwa kamba. Asubuhi muuzaji mmoja wa spea, bila kufungua boneti, akamwambia mota imekufa na bei ni elfu nane. Kijana wa jua kali aliyekuwa jirani na duka hilo akasema, "Mzee, ngoja kwanza niguse huu waya." Skrubu ya waya wa bodi ilikuwa imegeuka unga wa kutu. Akasugua bati, akafunga skrubu mpya, akapaka grisi juu yake, akaomba shilingi mia tatu.

Mota ni ile ile mpaka leo. Tulichobadilisha ni raba, kwa sababu jua la Mombasa lilikuwa limeshazikausha.