Kulisoma Azimio la Arusha kwa Jicho la Mhakiki

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna desturi moja ya ajabu. Tunasoma Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi, tunasoma Miradi Bubu ya Wazalendo (1992) ya Ruhumbika, tunajaza kurasa kuhusu kushindwa kwa Ujamaa. Lakini hati iliyozaa mijadala hiyo hatuishiki. Azimio la Arusha tunalijua kwa kusikia tu, kama babu aliyefariki kabla hatujazaliwa: wengine husema alikuwa mtakatifu, wengine eti ndiye aliyeifilisi familia. Makala haya yana nia moja, kulisoma Azimio kama tusomavyo kazi nyingine yoyote.

Historia kwanza, kwa ufupi. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Kesho yake mabenki yakataifishwa. Hati ina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, uanachama, na mwisho azimio lenyewe.

Sehemu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na ndipo mhakiki anapopaswa kutua. Lugha yake ni ya vita: umaskini ni adui, na swali ni silaha ipi itumike. Fedha inapendekezwa, kisha inakataliwa hatua kwa hatua, kama mzee abishanavyo na kijana barazani. Tutaitoa wapi? Kwa kodi? Kwa misaada? Kwa mikopo? Kisha linakuja onyo: mikopo inajenga mijini, lakini mlipaji mkubwa ni mkulima wa kijijini. Hoja hiyo haijazeeka hata kidogo.

Wapo watakaosema: bwana wee, maneno mazuri hayo, lakini watu si walihamishwa kwa nguvu? Kweli, walihamishwa, na uhakiki wa haki hauwezi kulifumbia macho jambo hilo. Lakini itafute ndani ya Azimio amri ya kuhamisha watu, hutaiona. Hata andiko la Ujamaa Vijijini, lililotoka Septemba mwaka huo huo, lilisisitiza hiari. Amri ilikuja 1973. Hiari iligeukaje amri kwa miaka sita tu? Asiyesoma hati hawezi hata kuliuliza swali hilo.

Mimi naona jibu moja limejificha katika nafsi. Azimio linasema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho, na "sisi" huyo ni chama. Mkulima anasifiwa, anatetewa, anahurumiwa. Lakini hasikiki akisema. Anayemsemea mtu kwa mapenzi leo, kesho huona ni halali kumwamulia. Pengine hapo ndipo mbegu ya amri ilipolala.

Sehemu ya tano nayo inadai jambo zito. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili asiandikishe mali kwa jina la mwenziwe, "kiongozi" likafasiriwa kuwa ni pamoja na mkewe au mumewe. Mtunzi aliwajua watu wake!

Mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikayalegeza masharti hayo. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali zake. Tazama kitenzi kilivyobadilika: kutoka kutokuwa nacho, hadi kutaja alicho nacho.

Na neno Ujamaa je? Halikufutwa. Ibara ya 9 ya Katiba ya 1977 bado inalitaja. Ila ukifungua fasili yake mwishoni mwa Katiba, utakuta demokrasia, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Njia kuu za uchumi hazimo. Jina limebaki mlangoni, mwenye nyumba kahama.

Mabadiliko ya namna hii wanauchumi huyapita bila kuyaona. Kazi ya kuyaona ni yetu tuliosomea maneno. Wahadhiri wetu wakiiweka hati hii katika orodha ya vitabu vya kusoma, ikae kando ya riwaya zinazoihukumu, tutaweza walau kuisikiliza kesi kutoka pande zote mbili.