Risasi Iliyoishia Karibu na Moyo

Unadhani risasi bora ya kujilinda ni ile kubwa kuliko zote? Hebu twende Miami, Marekani, Aprili 11, 1986. Maafisa 8 wa FBI walipambana na majambazi wawili. Risasi moja ya milimita 9 ilipita mkono wa jambazi Michael Platt, ikaingia kifuani, ikaishia karibu sentimita 3 kabla ya kufika kwenye moyo. Jeraha lile lilikuwa la kuua, ila si papo hapo. Platt aliendelea kufyatua. Maafisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa.

Baadaye FBI ikaweka kipimo kipya: risasi ipigwe kwenye jelatini, ambayo huikinza karibu kama msuli wa mtu. Ipenye angalau sentimita 30, lakini isizidi 45, maana ikipitiliza inaweza kumpata mpita njia. Leo hata raia wa Marekani wanaobeba bastola hutumia kipimo hicho kuchagua risasi.

Na FBI yenyewe? Ilihamia risasi kubwa zaidi, kisha miaka ya 2010 ikarudi kwenye milimita 9. Unene ni uleule. Kilichoboreshwa ni muundo wa kichwa chake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia risasi "kali", muulize tu: imepimwaje?