Ukiwa na siku moja tu Paris, usianze na Versailles

Wasee, kila nikiposti kitu kuhusu Ufaransa kuna swali lazima linifuate: "Nikiwa Paris na niko na siku moja tu ya kutoka nje ya mji, niende kuona kasri gani?" Na kabla nijibu, aliyeuliza ashajijibu mwenyewe. Versailles. Kwani kuna lingine?

Kuna. Na mimi nililichagua hilo lingine ingawa nilikuwa na sababu ya kifamilia ya kwenda Versailles. Nitafika hapo.

Mwaka jana nilikaa Paris siku sita, tano zote za kazi. Jumamosi peke yake ndiyo ilikuwa yangu. Binamu yangu anayesoma huko alikuwa ameshapanga kila kitu: tupande RER C asubuhi, tushuke Versailles, tupange foleni, tupige picha kwenye vioo, turudi. Nikamwambia hapana, tunaenda Vaux-le-Vicomte. Akaniangalia kama nimemwambia tunaenda kuona shamba la mahindi.

Sasa sikiza. Mwaka wa 1661 waziri wa fedha wa Ufaransa alikuwa anaitwa Nicolas Fouquet. Kazi yake ilikuwa kumtafutia mfalme pesa, na mfalme wa Ufaransa wakati huo alikuwa anahitaji pesa kila saa kwa sababu ya vita. Wakopeshaji hawakuwa wanaiamini serikali, walikuwa wanamwamini Fouquet. Kwa hivyo alikopa kwa jina lake, akaikopesha serikali, akajilipa na faida. Mfuko wake na mfuko wa nchi ukawa karibu mfuko mmoja. (Najua mnafikiria nani. Tulieni.)

Na pesa hizo zilijenga. Fouquet aliwatafuta watu watatu waliokuwa hatari kwa kazi zao: Louis Le Vau wa kuchora jengo, Charles Le Brun wa kupaka dari na kuta, na André Le Nôtre wa bustani. Vijiji vidogo vilivyokuwa hapo vilinunuliwa na kubomolewa ili bustani ipate nafasi. Mto mdogo uliokuwa unapita bondeni ukanyooshwa ukawa mfereji wa karibu kilomita moja. Nembo ya familia yake ilikuwa kindi, kwa sababu kwa lahaja ya kwao jina Fouquet ni kindi, na kaulimbiu yake ilikuwa ya Kilatini, maana yake ni kama "atapanda hadi wapi?" Ukiwa ndani ya kasri, angalia juu. Hao kindi wako kila mahali.

Tarehe 17 Agosti 1661 akamwalika bosi. Louis wa 14 alikuwa na miaka 22. Chakula kilisimamiwa na Vatel, Molière alileta mchezo mpya ambao haukuwa umewahi kuonyeshwa popote, na usiku fataki zikapasuka juu ya kasri. Wiki tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, siku mfalme alipofikisha miaka 23, Fouquet alikamatwa mjini Nantes. Aliyemkamata ni d'Artagnan. Ndiyo, yule wa filamu za upanga. Alikuwa mtu wa kweli.

Watu hupenda kusema ni ile sherehe iliyomponza, kwamba mfalme aliona wivu. Hadithi tamu, lakini si sawa. Mfalme alikuwa ameshaamua miezi kadhaa kabla. Fouquet alikuwa na cheo kingine, cha mwanasheria mkuu katika mahakama kuu ya Paris, na cheo hicho kilimkinga: ni mahakama hiyo tu ingeweza kumhukumu. Mpinzani wake Colbert alihakikisha ameshawishiwa akiuze. Akakiuza mwezi huohuo wa Agosti. Yaani wakati anawasha fataki, ngao alikuwa ameshaitoa mwenyewe. Kesi ilichukua miaka mitatu. Majaji wakaamua afukuzwe nchini. Mfalme akaibadilisha ikawa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Pignerol, kule milimani, mwaka wa 1680.

Je, alikuwa mwizi? Alikula, hilo silitetei. Lakini kadinali Mazarin, waziri mkuu aliyefariki Machi mwaka huohuo, aliacha mali kubwa kuliko ya Fouquet, na hakuna aliyemfungulia kesi maiti wake. Na Colbert aliyeandaa mashtaka ndiye alikuwa msimamizi wa mali ya Mazarin. Hapo ndipo hii hadithi iliponishika, kwa sababu naijua. Anakamatwa mmoja, wengine wanapiga makofi wakiwa mbele kabisa.

Halafu mfalme akafanya nini? Akachukua miti ya michungwa ya Vaux, mazulia ya ukutani, sanamu. Akachukua na watu wenyewe: Le Vau, Le Brun, Le Nôtre. Akawapeleka mahali palipokuwa na nyumba ya babake ya kupumzikia wakati wa kuwinda. Mahali hapo panaitwa Versailles.

Sasa unaelewa kwa nini nasema usianze huko? Ukianzia Versailles unaona kitu kikubwa, unachoka, unarudi. Ukianzia Vaux unaona wazo likiwa bado changa. Simama kwenye ngazi za nyuma ya kasri. Bustani yote inaonekana tambarare, na ukuta wa mapango uko kule mwisho, kama umekaa tu nyuma ya bwawa. Anza kutembea. Dakika kumi baadaye ardhi inakatika ghafla mbele yako na kuna mfereji mzima hapo chini ambao hukuwa umeuona! Le Nôtre alikupiga chenga. Vidimbwi vya mbali alivifanya vikubwa zaidi ili macho yako yadhani viko karibu. Binamu yangu, aliyekuwa amenuna tangu Gare de Lyon, ndiye aliyekimbia kurudi juu ili aone tena.

Versailles ni kitu kingine. Pale bustani ilikataa kutii kwa sababu maji hayakuwepo ya kutosha. Walijenga mtambo wa magurudumu 14 kule Marly wa kupandisha maji kutoka mto Seine, na bado chemchemi zote hazikuweza kurusha maji kwa pamoja siku nzima. Mfalme akitembea, vijana wa bustani walipigiana filimbi ili zile za mbele yake zifunguliwe na za nyuma zifungwe. Kuanzia 1685 wakapeleka maelfu ya wanajeshi kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mto Eure. Homa ikawaua wengi, vita vingine vikaanza, mradi ukaachwa. Nguzo za daraja la maji lisilokwisha bado zimesimama Maintenon. Kwenye kadi za picha huzioni.

Na ile sababu ya kifamilia. Mimi nimekulia karibu na Kariokor, Nairobi. Jina hilo linatoka kwa Carrier Corps, wapagazi ambao Waingereza waliwachukua kubeba mizigo na risasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakipigana na Wajerumani upande wa Tanzania ya leo. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kwetu inasemwa babu ya babu yangu alienda na mzigo kichwani na hakurudi. Kaburi halijulikani. Ule mkataba uliowanyang'anya Wajerumani makoloni yao yote, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani, ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 ndani ya Jumba la Vioo, Versailles. Vioo 357. Hapo ndipo watu wengi hupigia selfi.

Kwa hivyo binamu yangu aliponiuliza kwenye treni ya kurudi, "Na wewe si ndiye ungefaa kwenda Versailles kuliko mtu yeyote?", sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ukweli: sikutaka kufika pale Jumamosi, nimebanwa na umati, nikiwa na saa nne tu. Nitaenda siku yake. Nataka nisimame pale bila haraka.

Wewe usiyekuwa na mtu wako kwenye hiyo hadithi, fanya hivi. Chukua treni ya laini R kutoka Gare de Lyon hadi Melun, karibu nusu saa, halafu gari hadi kasri, si mbali. Angalia ratiba kwanza, maana Vaux hufungwa sehemu ya majira ya baridi. Jumamosi za kiangazi huwasha mishumaa jioni bustani nzima, kwa hivyo usikate tiketi ya kurudi mapema. Vaa viatu vya kutembea. Tembea hadi kwa Hercules wa dhahabu kule juu ya kilima, mwisho kabisa, hata miguu ikiuma. Ukigeuka, ile nyumba iliyomfunga mtu maisha inaonekana ndogo hadi unaweza kuifunika na kidole gumba. Sisi tulijaribu, inafunikika.

Na kama bado unataka Versailles, sawa, lakini usiende Jumatatu. Kasri hufungwa.